Sopilka katika Stoo ya Mashuka

Kwanza nilidhani ni mchi mdogo
wa kutwangia iliki.
Niliukuta chini ya mto, chumba nambari saba,
nikaupangusa, nikaurudisha.
Siku ya tatu mwenyewe akanisimamisha mlangoni.
Sopilka, akasema.
Nikasema, filimbi.
Akatikisa kichwa: sopilka,
kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

Alikuja Jambiani kwa siku kumi.
Siku ya sita kwao kukaingia vita,
na tiketi yake ya kurudi ikawa karatasi.
Jina lake Solomiya. Vinywani mwetu likawa Salama,
na yeye akaliitikia.

Alinifundisha baada ya saa nane,
mashuka yakiwa kambani,
ndani ya stoo inayonuka jiki na kunukia jua.
Kiswahili hakijui. Kiyukreni mimi nitakitoa wapi?
Tukasemezana kwa vidole.
Nilimuuliza ni mti gani huu; akachovya kidole ndooni
akanichorea sakafuni: kichaka, maua, vitunda vidogo vidogo,
na mchoro ukakauka kabla sijauelewa.

Pumzi yangu ya kwanza ilitoa sauti ya birika.
Ya pili, paka aliyekanyagwa mkia.
Ya tatu haikutoa kitu,
ila mate.

Kosa langu lilikuwa nguvu.
Miaka kumi na tisa nakamua mashuka ya wageni,
nimezoea kuwa kitu hakitii mpaka ukibane.
Akaninyang'anya filimbi.
Akachota kijiko cha uji wa Subira, mwanangu wa mwisho,
niliyekuwa nakwenda naye kazini,
akaupuliza polepole,
uso wa uji ukakunjamana, usimwagike hata tone.
Akanitazama.

Ah!
Nimepooza uji wa watoto wanne, miye Mize binti Vuai,
nimekuwa mpiga filimbi siku zote hizi
sina habari.

Zikabaki tundu.
Vidole vyangu vimepasuka kwa dawa za kufulia,
upepo unavuja kwenye nyufa, sauti inatoka na kikohozi.
Akavipaka mafuta ya nazi, kimoja kimoja,
kama anayeziba mtungi asiotaka kuutupa.

Nyumbani nilifanya mazoezi chooni.
Mavyaa wangu akagonga mlango:
Usiku hapigwi mluzi, unaita nyoka.
Huu si mluzi, mama.
Nyoka atajuaje?
Sikuwa na jibu. Nikahamia kwenye banda la kuku,
ambao hawakulalamika, ila hawakutaga wiki nzima.

Wimbo ulikuwa mmoja tu.
Unapanda ngazi tatu, unateremka moja,
unasita, kama mtu aliyesahau alichofuata ndani.
Nusu yake niliipata.
Nusu ya pili, kila tulipoikaribia,
simu yake iliita,
au haikuita, naye akabaki kuitazama.

Mwezi wa pili gari ikamchukua alfajiri.
Sikuwapo. Niliambiwa.
Nilipokwenda kutandua kitanda cha saba
nikaikuta chini ya mto, pale pale.
Hotelini tuna daftari la vitu vilivyosahauliwa:
miwani, chaja, kandambili ya mguu mmoja.
Nikalifungua, nikaandika tarehe.
Chumba saba: hakuna.
Mungu anisamehe huo mwandiko.

Masika mti huvimba, tundu ya pili hukataa kabisa.
Kaskazi huja na ukavu wake, naipaka mafuta, tunapatana.
Nyoka hajaja bado.
Mavyaa siku hizi hagongi mlango,
anakohoa tu, kunijuilisha kwamba yuko macho,
na mara moja, wallahi, nimemsikia akiuguna wimbo jikoni,
ngazi tatu juu, moja chini.

Nikifika pale Salama alipoishia, nasimama.
Subira, ambaye sasa anakula wali na pilipili,
ananiuliza, Mama, ndiyo umekwisha?
Bado, namwambia.
Unapoa.